Wiki 31 na sijanunua hata soksi ya mtoto

Shikamoo Shangazi,

Nina mimba ya wiki 31 na mpaka leo sijanunua hata soksi ya mtoto. Naomba unisome mpaka mwisho, maana nyumbani hatuelewani tena.

Hii si mimba yangu ya kwanza. Ile ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi 5. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kununua vitu: vifulana, kofia, blanketi la rangi ya maziwa. Baada ya yale yaliyotokea, mume wangu alivikusanya akavitia kwenye sanduku, akaliweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa. Safari hii nilijiambia sinunui kitu mpaka nimshike mtoto mikononi. Kliniki wananiambia kila kitu kiko sawa na mtoto anacheza vizuri. Lakini nikiingia duka la vitu vya watoto moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, natoka mikono mitupu.

Mume wangu alinivumilia. Sasa ameona siku zinakwenda, amekaa na dada yake wameandika orodha. Wifi ana watoto 2 na ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Ila hiyo orodha, Shangazi, imenitisha zaidi. Kuna mito mirefu ya kuzungushia kitanda cha mtoto, mto wa kichwa, blanketi nene, kigari cha kusukuma, kiti cha kubembea cha umeme, chupa 6 na chombo cha kuzichemshia, nguo za tangu kuzaliwa mpaka mwaka mmoja, viatu, poda, mafuta ya kila aina. Mume anataka tuchukue mkopo tununue vyote kwa mkupuo. Mimi nasema tusubiri azaliwe kwanza. Juzi tulirushiana maneno mpaka akaenda kulala sebuleni.

Wifi amenipa pia begi kubwa la nguo za wanawe. Nyingi bado nzuri, ila zilihifadhiwa na naftalini, zile punje nyeupe za kufukuza wadudu kabatini, na harufu imejaa chumba kizima. Amenipa na kitanda walicholalia, cha mbao, kile ambacho ubavu mmoja unashuka ili iwe rahisi kumtoa mtoto. Sijui nikubali au nikatae, na nikikataa niseme nini.

Naomba uniambie mtoto mchanga anahitaji nini hasa, nikinunue lini, na kipi kinaweza kungoja. Na lile sanduku nilifanyeje?

Mama wa wiki 31

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Naanza na pole ya ile mimba iliyotoka, kwa sababu naona hapo nyumbani kwenu mazungumzo yameshahamia kwenye vitanda na mikopo, na wewe bado hujamaliza kulia. Nguo ulizonunua wakati ule hazikumdhuru mtoto. Kununua mapema hakutoi mimba, na kuchelewa kununua hakuilindi. Najua kichwani unalijua hilo, lakini mwili una kumbukumbu zake, na ndiyo maana moyo unaenda mbio dukani ingawa kliniki wanakwambia mambo ni mazuri. Hofu ya namna hii huwapata wanawake wengi waliowahi kupoteza mimba. Iseme kliniki, kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Kama inakunyima usingizi, au inakufanya ushindwe kula au kufanya kazi, wana njia za kukusaidia, na upo msaada ulio salama kwa mwenye mimba. Usingoje mpaka ujifungue.

Na kwa kuwa umetaja kwamba mtoto anacheza: endelea kuujua mchezo wake. Siku ukiona amepunguza kucheza kuliko kawaida yake, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho, na usione haya kurudi hata mara ya pili.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Wewe unataka kununua baada ya kujifungua, mumeo anataka kununua mwaka mzima kwa siku moja. Mimi nawaomba mnunue wiki 2 za mwanzo tu. Wiki 2 hizo ndizo ambazo wewe utakuwa na maumivu, usingizi hautoshi, maziwa ndiyo yanaanza kushuka, na hutaweza kuzunguka madukani. Ukisema usubiri, atakayekwenda dukani ni mtu mwingine mwenye haraka, naye atachukua chochote kilichopo mbele yake. Tena mtoto anaweza kuwahi: anayezaliwa kabla ya wiki 37 huhesabiwa njiti, na hao si wachache. Kwa hiyo begi la hospitali liwe tayari ukifika wiki 35 au 36. Bado una mwezi mzima, huna haja ya kukimbia.

Baada ya wiki 2 hizo, mtoto mwenyewe atakuwa ameshawaonyesha ana uzito gani, anatapika maziwa kiasi gani, anapenda kufunikwa au hapendi, na mengine yote mtayanunua mkimjua. Mkopo wa nini, mwanangu? Vitu vinavyohitajika kweli ni vichache.

Nguo nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Mtoto aliyetimiza siku zake huwa na uzito wa kilo 2.5 hadi 4 hivi, na urefu wa sentimita 50 au karibu yake. Siku za mwanzo hupungua, pengine mpaka asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, halafu huurudisha ndani ya wiki 2. Akishaurudisha huongezeka kwa gramu 25 hadi 30 kila siku. Ukipiga hesabu utaona mwenyewe kwa nini ile saizi ndogo kabisa humpita mtoto akiwa hajafikisha hata miezi 2, na wengine wanazaliwa imeshawabana. Usiangalie miezi iliyoandikwa kwenye lebo, maana kila kiwanda kina miezi yake. Angalia kilo au sentimita. Nguo nyingi zina namba kama 50, 56 na 62, na namba hizo ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 56 ni ya mtoto wa sentimita 51 mpaka 56. Chukua 2 au 3 za namba 50, zilizobaki ziwe 56. Usiongozwe sana na uzito unaokadiriwa kwenye ultrasaundi, kwani unaweza kupishana na uzito halisi kwa asilimia 10 na zaidi. Nguo kubwa kidogo utamkunjia mikono na ataivaa. Iliyombana haina dawa.

Idadi yake inategemea unafua mara ngapi. Mtoto mchanga hutumia nepi 8 hadi 12 kwa siku, na kila siku kuna moja au mbili zinazovuja na kulowesha nguo, bado maziwa anayocheua. Ukiwa unafua kila siku au siku moja baada ya nyingine, fulana 7 na suti za kulalia 7, zile zinazofunika mpaka miguu, zinatosha. Ongeza kofia 2, soksi pea 4, shali au blanketi nyepesi 3, na vitambaa laini vya kufutia mdomo na kuweka begani, hivyo viwe vingi kadiri unavyoweza, hata 8. Vitambaa hivyo ndivyo utakavyovitafuta usiku na mchana, na kwenye orodha ya mumeo sikuviona.

Namna nguo ilivyoshonwa ni muhimu kuliko rangi yake. Kwa siku za mwanzo tafuta fulana ya kufungua mbele, inayopishana kifuani kama koti na kufungwa ubavuni. Kitovu huchukua kama wiki 1 hadi 2 kukauka na kudondoka, wakati mwingine zaidi kidogo, na fulana hiyo haikisugui wala hulazimiki kumpitisha mtoto kichwa kwenye tundu huku shingo bado haijakaza. Nepi nayo uikunje mbele, iishie chini ya kitovu, kibaki kikavu na chenye hewa.

Kuna na fulana zinazofungwa kwa vishikizo katikati ya miguu. Ukizitazama mabegani utaona kitambaa cha mbele na cha nyuma kimepishana, kimoja juu ya kingine. Wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kulifanya tundu la shingo litanuke mpaka fulana nzima iweze kuvuliwa kwa kushushwa chini, kupitia mabegani na kiunoni. Siku choo kitakapovuja mpaka mgongoni, na kitavuja, hutaipitisha fulana chafu usoni kwa mtoto. Utaishusha tu mpaka miguuni. Basi ukiwa dukani shika shingo ya fulana na uivute: kama haitanuki, irudishe.

Kwenye suti za kulalia mimi napenda zipu, hasa ile inayofunguka kuanzia chini, kwa sababu saa 9 usiku ukiwa na usingizi utakosea vishikizo na kuanza upya. Hakikisha zipu ina kitambaa cha kukinga kidevu. Nguo yenye kamba ya kufunga shingoni au kofia ya kamba, iache huko huko dukani, kamba inaweza kumnyonga. Vifungo vya mapambo, shanga, maua ya kushonewa, vyote hunyofoka na kuishia mdomoni.

Kisha kuna uzi. Kila soksi, kila glovu na kila suti yenye miguu igeuze ndani nje kabla hujaifua, uangalie kwenye ncha. Mara nyingi utakuta nyuzi zinaning'inia pale iliposhonwa. Uzi mmoja, au unywele wako ulioingia humo, unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukibana mpaka damu isipite. Mtoto analia, watu wanadhani ni tumbo, kumbe kidole kimevimba ndani ya soksi. Chukua mkasi mdogo uzikate zote. Na siku akilia kilio kisichotulia, mvue soksi umtazame kidole kimoja kimoja.

Glovu zenyewe hazina kazi kubwa. Mtoto anayepeleka mikono mdomoni anakwambia ana njaa, na ukimfunika mikono unaweza kuchelewa kumwelewa. Kucha zake ni laini, zinapunguzwa kwa tupa ndogo akiwa amelala.

Joto lake halipimwi kwa kushika mikono wala miguu, hiyo huwa baridi hata akiwa sawa. Mguse shingoni kwa nyuma au kifuani. Kwa kawaida anahitaji kuongezewa vazi moja jepesi juu ya idadi ya nguo ulizovaa wewe. Shingo ikiwa na jasho, mpunguzie. Kofia ni ya saa na siku zile za kwanza, na ya kutokea nje kwenye baridi. Baadaye akilala ndani mvue, kwa sababu kichwa ndicho anachotumia kutolea joto na kofia inaweza kumshukia usoni.

Sasa begi la wifi. Nguo zilizokwisha kuvaliwa ni nzuri sana kwa mtoto mchanga: zimeshalainika, na wanawe hawakuwahi kuzichakaza kwa sababu walizivaa wiki chache tu. Nisingekwambia uzikatae. Lakini hiyo naftalini naomba uichukulie kwa uzito wote.

Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Ni hali ya kurithi, iko kwa mamia ya mamilioni ya watu duniani, zaidi kwa wenye asili ya Afrika, Asia na nchi za Mediterania, na inaonekana zaidi kwa watoto wa kiume. Mwenye nayo anaweza kuishi miaka mingi bila kujua. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivutia hewa ya naftalini au ikamgusa kwenye ngozi, chembe zake za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi. Macho na ngozi vinakuwa vya manjano, na umanjano ukizidi unaweza kudhuru ubongo. Wako watoto waliougua kwa njia hii hii, kwa nguo na mablanketi yaliyotolewa kabatini yakiwa na naftalini.

Kwa hiyo litoe begi hilo chumbani leo, hata wewe huna haja ya kulala na harufu hiyo. Tupa kila punje utakayoikuta mifukoni na kwenye mikunjo. Zianike nguo nje penye upepo kwa siku kadhaa, kisha zifue kwa maji ya moto na sabuni, uzianike tena, na urudie. Nguo itakayobaki na harufu, hata kwa mbali, usimvishe. Na kama kwenye ukoo wako au wa mumeo kuna aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa G6PD, au mtoto aliyewahi kuwa wa manjano mpaka akalazwa au akaongezewa damu, usihangaike kuzifua. Usizitumie, na uwaambie kliniki habari hiyo kabla hujajifungua. Na mtoto yeyote anayegeuka manjano, anayelala kupita kiasi na kukataa kunyonya, hukimbizwa hospitali, iwe kulikuwa na naftalini au hakukuwa.

Nguo mpya nazo zifuliwe kabla ya kuvaliwa, kwa sabuni isiyo na manukato, na zisuuzwe vizuri. Ila zifue nusu tu kwanza. Zilizobaki ziache na lebo zake, risiti utunze, ili mtoto akizaliwa mkubwa uzibadilishe.

Kitanda cha wifi, hapo nakwambia hapana. Vile vitanda vyenye ubavu unaoshuka viliua watoto: vyuma na plastiki zake hulegea, ubavu unaachia upande mmoja, mtoto anateleza na kubanwa katikati ya ubavu na godoro. Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 2011. Mwambie wifi ukweli huo huo, kwamba wakati yeye anakinunua kilikuwa kinauzwa kama kitanda kizuri na maarifa yamebadilika baadaye. Mshukuru kwa nguo. Mtu mwema kama unavyomweleza hatachukia ukimwambia mapema, atachukia akikuta umekitupa uani bila neno. Tena ni afadhali mumeo ndiye amweleze, ni dada yake.

Ile mito ya kuzungushia kitanda nayo ifuteni kwenye orodha. Inapendeza kwenye picha, lakini mtoto anaweza kuingiza uso humo akakosa hewa. Marekani iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2022, pamoja na vitanda vya watoto vyenye mwinamo. Mto wa kichwa pia usinunue, wala blanketi nene, wala midoli ya kuweka kitandani. Mtoto mchanga hulala chali, kila usingizi, usiku na mchana, juu ya godoro gumu lililolala sawa, shuka limebana, na humo ndani hamna kitu kingine. Kwa miezi 6 ya mwanzo, kitanda chake kiwe chumbani kwenu. Chumba cha peke yake kinaweza kungoja, na pesa ya kukipamba nayo ingoje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi kadhaa zilianza kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Ushauri huo haukumgharimu mzazi hata senti.

Mkinunua kitanda, au mkipewa kingine, pimeni nafasi kati ya fito: isizidi sentimita 6. Godoro likiwa ndani, vidole 2 visipenye pembeni yake. Penye mbu, chandarua chenye dawa kinahesabiwa katika vitu vya lazima, nacho kibane vizuri kisimwangukie.

Nepi nunua za wiki 1 tu kwanza, kama 70 hivi, za uzito wa kilo 2 mpaka 5. Ngozi yake inaweza kuikataa aina uliyochagua, na ukiwa na katoni 5 utabaki nazo. Ukipenda za kitambaa, 20 hadi 24 zinatosha kwa anayefua kila siku au siku mbili, na usizitie dawa ya kulainisha nguo, inazifanya zisinyonye maji. Kumsafisha, pamba na maji ya uvuguvugu vinatosha. Poda usinunue kabisa, vumbi lake linaingia mapafuni. Mafuta ya kila aina hayahitajiki. Ila kipimajoto nunua, wala usione ni anasa: mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38 za selsiasi anapelekwa hospitali mara moja.

Chupa 6 na chombo cha kuzichemshia viache dukani kama unakusudia kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, na siku za mwanzo unachohitaji zaidi ni mtu wa kukuonyesha namna ya kumweka mtoto kwenye titi. Ikitokea hali ya kiafya inayofanya usinyonyeshe, mkunga atakwambia la kufanya na chupa zitanunuliwa siku hiyo hiyo. Hazikosekani.

Viatu ni vya mtoto anayetembea. Kiti cha kubembea si mahali pa kulala: mtoto mchanga aliyeinamishwa kichwa kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kigari kinaweza kungoja, na mkikinunua kiwe kinacholala sawa kabisa. Kama mtasafiri naye kwa gari tangu kutoka hospitali, hapo kiti chake cha gari ni cha lazima, kinachoangalia nyuma, na msikubali cha mitumba msichojua historia yake, kwa sababu kilichowahi kupata ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana.

Na wewe je? Katika orodha nzima hakuna kitu cha mama hata kimoja. Utatokwa na damu kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa hiyo pedi kubwa ni za lazima, pakiti 3 au 4 za kuanzia. Chupi pana zisizobana mshono endapo utakuwa nao. Gauni la kulalia linalofunguka mbele, la rangi ya giza. Sidiria 2 za kunyonyeshea ununue wiki za mwisho, titi likiwa limeshakua, pamoja na vitambaa vya kuzuia maziwa kulowesha nguo. Mumeo akiuliza mkopo ungefanya kazi gani, mwambie hivi vyako havihitaji mkopo na vinatangulia mbele ya kigari.

Kwa kuwa duka linakutia hofu, usiende peke yako, na si lazima uende kabisa. Mpe mumeo vipimo nilivyoandika hapa, aende yeye. Anataka kufanya jambo kwa ajili ya mtoto wake. Naye pia alipoteza mtoto, na ndiye aliyelijaza lile sanduku kwa mikono yake. Huenda orodha hii ndefu ndiyo namna yake ya kuogopa. Muulize. Mkishazungumza hilo, habari ya blanketi na vitanda itakuwa nyepesi.

Vikishanunuliwa, na kama hutaki kuviona ndani, vikae kwa mtu mnayemwamini mpaka wiki ya 35. Siku ya kufunga begi, panga kila badiliko kwenye mfuko wake unaoonyesha ndani: fulana, suti, soksi, nepi na kofia pamoja. Mifuko 4 hivi ya namna hiyo, na juu yake shali. Ukiwa kwenye leba au umelala baada ya upasuaji, mumeo au muuguzi ataingiza mkono atoe mfuko mmoja, hutaulizwa soksi ziko wapi.

Sanduku si lazima ulifungue. Nguo zilizomo ni za mtoto wako wa kwanza, na hakuna anayekudai jibu juu yake kabla hujajifungua, wala baada ya hapo. Wako akina mama ambao mtoto wa pili huvaa blanketi lile lile, na wako wanaolitunza mpaka uzeeni bila kumvisha mtu. Ukija kutaka kulitumia, liangaliwe kwanza lilihifadhiwa na nini, halafu lifuliwe kama nilivyokueleza. Usipotaka, mwambie mumeo alitoe sanduku juu ya kabati aliweke mahali ambapo hulioni kila unapoamka, na alifunge vizuri lisiingie unyevu.